Viatu Mlangoni mwa Maktaba

Ain Rihana, 4 Oktoba 1993

Mwanangu Dalenda,

Pokea salamu zetu sote, mbuzi akiwemo. Mimi mzima, goti linalalamika, lakini lilianza kabla hujazaliwa. Vipi Marseille na baridi yake?

Huku msikiti umehama. Waumini wamepata mpya, wenye feni. Jengo letu la zamani linageuzwa maktaba. Lenyewe halishangai: Warumi walichonga mawe yake, Wafaransa wakayajengea kanisa, sisi tukaswali humo miaka thelathini na moja. Limezoea wapangaji. Asiyezoea ni mimi, mtunza mlango na viatu vyake. Msikiti mpya una mtunzaji wake, kijana, na mkuu wa maktaba, Bi Radhia wa kutoka Tunis, anataka nimkabidhi ufunguo mwisho wa mwezi. Tangu mama yako atutoke, mlango ule ndio uliokuwa ukiniamsha asubuhi.

Baba yako,
Mongi

Marseille, 15 Oktoba 1993

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo, watoto wanakuamkia. Ufunguo mpe, kisha uje huku. Utabaki kufanya nini? Kukaa mkahawani na Ami Ammar mkiwasema wapita njia? Nijibu upesi.

Mwanao,
Dalenda

Ain Rihana, 9 Desemba 1993

Mwanangu,

Natumai hamjambo, na hujaninunia kwa kukawia. Nilikuwa na shughuli. Ndiyo, mkahawani.

Maktaba ilifunguliwa, nami nikaona yote kutoka kitini. Watu walifika mlangoni, wakavua viatu. Hakuna aliyewaambia, miguu ilijua yenyewe. Bi Radhia akatoka mbio: "Jamani, hapa maktaba! Vaeni!" Wakavaa. Kesho yake wakavua tena, hata yule mwalimu wa Kifaransa ambaye msikitini hatukuwahi kumwona. Jumatano Ammar akaondoka na viatu vya bwana posta. Bwana posta akarudi kazini na kandambili za Ammar, na matusi yake yakasikika hadi soko la zeituni.

Alhamisi Bi Radhia akavuka barabara hadi mezani kwangu, soksi tupu.

"Ami Mongi, zamani mlifanyaje?"

"Palikuwa na mtu, binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Ulimnyang'anya ufunguo."

Akanitazama, akavuta kiti. "Na wewe unajua kusoma?"

"Nilijifundisha, kwa magazeti ya kufungia karanga. Mwisho wa habari ndio sikuupata."

Akacheka hadi chai ikammwagikia.

Basi siji, mwanangu. Ameniomba, nami nimerudi mlangoni. Wakiingia wananiuliza vitabu, wakitoka wananiuliza viatu. Viatu najua vilipo vyote.

Baba yako,
Mongi