Jamu Yako Tumeipaka Kwenye Nyama

Ipuli, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini, mkono ukiwa juu ya mto kama daktari alivyokuagiza, na siyo jikoni unapuliza moto kwa mkono mmoja. Maumivu yamepungua? Vidole vinakunjika? Kaka Yona ananiambia unaendelea vizuri, lakini Yona hata nyumba ikiungua atasema inaendelea vizuri, kwa hiyo nataka uniambie wewe mwenyewe.

Sisi huku hatujambo. Mvua zinanyesha, barabara ya kwetu ni tope tupu, na maembe ndiyo yanaishia. Watoto wamechoka nayo hata ukiwamenyea hawageuki. Neema ameingia darasa la pili. Mdogo wake ameota meno mawili ya juu na anauma kila mtu. Baba Neema yuko palepale kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na mimi bado nafundisha darasa la nne, watoto tisini na kitu kwenye chumba kimoja.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa simu mara mbili likanishinda. Ukisikia sauti yangu imebadilika unaanza kunipoza, na mimi naacha. Kwenye karatasi huwezi kunipoza. Isome mwenyewe kwanza, halafu ndiyo umpe Yona.

Siku Yona aliponipigia kusema umeanguka, nilikuwa nasahihisha madaftari. Akasema ulipanda ule mplamsi wa nyuma ya nyumba huko milimani, ulio ukingoni mwa tuta, ukateleza, na kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Nikamuuliza, "Sasa alikuwa anatafuta nini juu ya mti, na umri ule?"

Akanijibu, "Plamsi za Tabora. Za chini zilikuwepo tele. Yeye akasema za Tabora lazima ziwe za juu, zilizopigwa na jua."

Jioni nikaongea na wewe. Sauti yako ilikuwa nzima kabisa, kama mtu aliyejikwaa tu. Ukaniambia, "Usiogope mwanangu, chupa sita nilishajaza. Zilikuwa zimebaki mbili."

Mama, hiyo jamu hatuli.

Naomba usiiweke barua chini. Mwaka ule wa kwanza nilipoolewa, ulipotuma chupa nne kwa basi, nilifurahi mpaka nikalia. Nilimpakia Baba Neema kwenye mkate. Akala kipande kimoja, akanywa maji, akasema kwa heshima kabisa kwamba inamkumbusha dawa ya kifua waliyokuwa wakipewa shuleni. Kwao Bukene utamu ni asali na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Tunda lililopikwa na sukari hawalijui. Mimi mwenyewe nikaila peke yangu wiki mbili, nikaishia hapo. Uliponiuliza, nikakuambia imeisha. Ukafurahi, mwaka uliofuata ukatuma sita. Nikakuambia zimeisha, ukatuma nane. Kadiri nilivyokudanganya ndivyo ulivyozidi kupika. Nyingine niligawa kwa majirani na walimu wenzangu, nyingine nikaziweka kabatini, nyuma ya vyombo vya wageni. Neema naye alivyokua akawa kama baba yake.

Baada ya simu ya Yona nilifungua lile kabati nikazitoa zote nje. Zilikuwa kumi na saba. Nilizipanga sakafuni, nikawa nazifuta vumbi, kila moja na kile kitambaa ulichofunga juu ya kifuniko kwa uzi mwekundu. Sikujua nazifuta ili iwe nini.

Mama mkwe alinikuta hapo. Nilikuambia kwamba alikuja kwa treni kutoka Bukene kuangaliwa macho hospitali. Bado tuko naye, anasubiri siku ya kurudi kwa daktari. Haoni vizuri, anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Aliinama, akachukua chupa moja akaipapasa.

"Hizi ni dawa?"

"Ni jamu, mama. Mama yangu ndiye anayezituma."

"Mbona zimejaa?"

"Hawali. Mwanao hapendi, na mjukuu wako hapendi."

Akaigeuza chupa mkononi. "Na huyo mama yako anajua kwamba hawali?"

Nikaendelea kufuta vumbi. Akavuta kigoda akaketi karibu yangu. "Mkono wake umevunjikia kwenye hizi?"

"Ndiyo, mama."

Unajua jinsi nilivyokuwa nikimwogopa huyu mama. Miaka yote hii akija huwa nahisi ananihesabia makosa. Nilingoja anigombeze, na ningeona ni halali yangu. Hakunigombeza. Aliniomba nimfungulie chupa, akachovya kidole, akaonja, akachovya tena.

"Tamu mno," alisema. "Lakini chini yake kuna uchachu. Ukiitia chumvi na pilipili, nadhani inaweza kwenda na nyama."

Hapo nikakumbuka kitu. Wakati ule tulipopelekwa Arusha kwenye semina ya walimu, hotelini walituletea mbavu za kuchoma zilizopakwa sosi nyekundu nzito, tamu na kali kwa pamoja. Nilimuuliza mpishi imetengenezwa na nini, akasema matunda, siki na viungo, akaondoka. Nikamweleza mama mkwe. Akasema, "Basi twende jikoni. Wewe uwe macho, mimi nitakuwa pua."

Nilikaanga kitunguu maji mpaka kikawa cha kahawia, nikaweka kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, halafu nyanya mbili, nikaziacha ziive mpaka mafuta yajitenge. Ndipo nikamimina chupa nzima ya jamu yako. Siki hatukuwa nayo. Mama mkwe akaniambia nilowanishe ukwaju, nikaukamua, nikatia maji yake. Chumvi, pilipili manga, pilipili kali mbili. Nikawa nakoroga, yeye amekaa mlangoni kwenye kigoda chake ananusa. "Bado. Punguza moto. Bado inanuka sukari." Baada ya muda akasema, "Sasa naona kuna chakula," nikaipua. Ilikuwa nzito, nyekundu iliyokolea, na ukiionja inaanza utamu, inafuata uchachu, pilipili inakuja mwisho kabisa.

Jumamosi hiyo Baba Neema alileta mbavu za mbuzi. Nilizipaka sosi zikiwa mbichi, nikaziweka kwenye jiko la mkaa barazani, maana mvua ilikuwa inanyesha. Hazikuchukua hata dakika kumi zikawa nyeusi tii. Moshi ukajaa baraza nzima, na nilipokata, ndani damu ilikuwa bado inatoka. Baba Neema akaja, akatazama, akauliza, "Mmechoma nyama au mmechoma mkaa?"

Mama, nilishindwa kujizuia. Nililia pale kwenye jiko, na wote wakajua kwamba siyo kwa sababu ya nyama. Baba Neema alikaa chini akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote, chupa, uongo na mti. Hakuwa akijua kwamba kila mwaka nilikuwa nakuambia wanazimaliza. Akasema, "Ungeniambia. Ningekula." Nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama mkwe ndiye aliyetuamsha. Alisema sukari inaungua kabla nyama haijaiva, kwa hiyo nyama iive kwanza na chumvi yake tu, sosi ipakwe mwishoni, moto ukiwa umefifia. Baba Neema akavaa buti, akatoka na mvua ileile, akarudi na mbavu nyingine. Safari hii nilichoma taratibu. Nyama ilipokaribia kuiva nikapaka, nikageuza, nikapaka tena, mara tatu. Ikang'aa kama imepigwa vanishi.

Tulikula sebuleni, sahani moja kubwa katikati, na ugali. Baba Neema alikula bila kusema neno, na wewe unamjua, akipenda chakula hasemi. Neema alilamba vidole, akauliza kama hii ndiyo jamu ya bibi. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kumbe bibi anajua kupika." Jirani yetu, fundi umeme, alipita kuazima ngazi akakaa saa nzima.

Mama mkwe alikula polepole, anatafuta nyama kwa vidole. Akaniuliza tunda lenyewe likoje. Nilijaribu kumweleza, dogo kuliko embe, jekundu, lina unga mweupe kwenye ganda kama limepuliziwa pumzi. Akatikisa kichwa. "Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani," alisema, "na milima yenu waliipita kwa chini. Hakuna hata mmoja aliyerudi na habari za tunda hili."

Nikadhani mambo yameishia hapo. Lakini alipomaliza kunawa aliniambia, "Sasa mwandikie mama yako."

Nikamwambia, "Nitamwambia tu kwamba tunakula, mama. Sasa si uongo tena."

"Mwambie yote. Ukimwambia mnakula peke yake, mwakani atapanda tena juu ya mti."

Ndiyo sababu naandika, Mama. Nisamehe. Nilidhani nakuheshimu, kumbe nilikuwa najiepusha mimi na aibu ya kukuona umenyong'onyea. Ukikasirika una haki, na ukitaka kukaa wiki mbili bila kupokea simu yangu nitaelewa, ila Yona awe ananitumia ujumbe kuhusu mkono.

Katika zile kumi na saba, tatu za zamani zilikuwa zimeota ukungu, nikazitupa. Nakuambia maana nimeamua kukuambia kila kitu. Nne tumeshazifanya sosi. Walimu wenzangu wameionja, nao wanataka. Kwa hiyo za mwaka huu zitume, zile sita, tutazitumia kweli. Zile mbili zilizobaki usizijaze. Kama mwakani utapenda kupika tena, pika za plamsi za chini, na Yona au mkewe ndio wachume. Tena punguza sukari kidogo, na usizichuje sana, ule uchachu wa maganda ndio tunaoutaka. Na ule mti wa ukingoni naomba Yona aukate matawi ya juu. Nimeshamwambia, amesema anakungoja wewe uruhusu.

Shule zikifungwa, tumekubaliana na Baba Neema nije na watoto nikae na wewe wiki tatu. Nitaleta asali, na mbavu nitakuchomea hukohuko, uone mwenyewe.

Nisalimie kaka Yona na mkewe, waambie nawashukuru kwa usiku waliokaa na wewe hospitali. Msalimie shangazi, mdogo wake marehemu baba, mwambie kitenge chake nimekishona tayari. Msalimie na yule jirani wa bondeni aliyekubeba mpaka barabarani siku ile. Jina lake sikulipata vizuri kwa simu, nikija nataka nimshukuru kwa mkono wangu. Baba Neema anakupa shikamoo. Neema amechora mti hapo nyuma ya karatasi, anasema ni mplamsi, ingawa hajawahi kuuona.

Mama mkwe naye amenikalisha hapa niandike maneno yake, na nimemwahidi sitaongeza wala kupunguza. Amesema hivi: "Mama mwenzangu, pole kwa mkono. Hawa watoto wetu wameipika jamu yako na pilipili, nami nimekula, ni nzuri. Lakini chupa moja nimewakataza wasiiguse. Nimeiweka kitandani kwangu. Kila asubuhi naila kwa kijiko kimoja, hivyohivyo ulivyoipika, ili walau mtu mmoja katika nyumba hii ajue ulichokuwa unatuma."

Ni kweli, Mama. Leo asubuhi nimemkuta anaila.

Mimi mwanao akupendaye,
Hilda