Mzizi wa Tatu wa Baba

Pangai, 3 Juni

Mwanangu Sisilia,

Hujambo mama? Mie mzima, ila nyumba hii haina usingizi. Lile gego la chini la baba yako, alilolichimba daktari mgeni akalisafisha akaliziba, linauma kuliko mwanzo. Shavu limevimba mpaka jicho linafumba. Daktari alisema mifereji yote mitatu ya ndani ya mizizi ameisafisha. Sasa kinachouma ni nini, kama ndani hamna kitu? Picha ya jino hii hapa. Itazame wewe uliyesomea meno, mie naona ukungu tu.

Mama yako

Nuku'alofa, 7 Juni

Mama, shikamoo. Mie sijambo, lakini picha imenitia hofu. Gego kama hilo huwa na mizizi miwili yenye mifereji mitatu. La baba lina wa tatu, mwembamba, umejificha upande wa ulimi, na una mfereji wake, wa nne. Baadhi ya watu wa visiwa vyetu wanao. Huo haujafunguliwa, usaha umo humo. Ukishuka shingoni utamziba pumzi. Mlete kwa meli, nitautafuta mwenyewe.

Binti yako

Pangai, 10 Juni

Mwanangu, u hali gani? Huku si kwema. Baba yako kakataa, kashikilia mwiko wetu kwamba mtoto hagusi kichwa cha baba. "Mtoto anishike kichwa? Hata nywele zangu hajapata kuzigusa! Bora nife na heshima yangu." Nikamwambia, "Haya kufa, tuizike na hiyo heshima." Hakucheka. Meli imeondoka bila yeye, na uvimbe umefika chini ya taya. Nakwenda kwa shangazi yako Fusi; kwa mila zetu kaka hampingi dada yake. Naandika mbio, nisamehe mwandiko.

Mama yako

Pangai, 12 Juni

Mwanangu, barua hii anakuletea shangazi yako, yuko na baba yako. Alisimama mlangoni tu: "Tevita, mkubwa nani kati yetu?" "Wewe, dada." "Basi hicho kichwa ni changu, nami nimempa Sisilia. Panda meli." Kapanda. Niandikie upesi, sili silali.

Mama yako

Nuku'alofa, 14 Juni

Mama, shikamoo. Pumua, baba mzima.

Shangazi alikaa nje ya mlango. "Umeanza?" "Bado, shangazi, natetemeka." "Tetemeka huku umeshika!"

Nikashika. Baba alifumba macho muda wote. Mfereji nimeupata, mwembamba kama unywele, na usaha umetoka. Uvimbe unashuka, amekunywa supu.

Nikamwambia wiki ijayo lazima nimshike kichwa tena, nilizibe jino. Kisha akaniinamishia kichwa, akasema, "Usimwite shangazi yako."

Binti yako