Ng'ombe wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 13 Januari
Nimefungua saluni, nikafagia nywele za Jumamosi, nikatoka kumwaga maji. Ai! Ukutani kuna ng'ombe. Mkubwa, mwekundu, paji jeupe, sikio limekatwa alama. Jana hakuwepo. Ukuta wangu! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Haki huyu ng'ombe anapumua.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa wako kila mahali. Nyuma ya posho mill ya kusaga unga, kwa ukuta wa kanisa, mmoja hadi Bisil karibu na soko la mifugo. Hakuna jina chini. Kitengela nzima inauliza ni nani. Leo mzee mmoja wa Bisil amesimama mbele ya wangu, fimbo mkononi, akamwita kwa jina. Nado. Ni ng'ombe wake, alikufa ule ukame mkubwa. Mzee amelia mbele ya wateja wangu bila aibu. Na mimi nikalia, kitana mkononi.

Jumamosi, 24 Mei
Nimemjua! Ni Naisula, anayeuza kwa duka la dawa za mifugo hapa jirani. Amekuja kutengenezwa kucha. Ndani ya kucha, ile rangi nyekundu ya ng'ombe wa ukuta wangu. Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikachukua thina ya kutoa rangi, nikamsafisha polepole, kisha nikampaka rangi nyeusi, ya kuficha.
"Mama Brayo," akasema, "wakijua ni mimi wataangalia mimi. Hawataangalia ng'ombe."
Yule mzee wa Bisil aliyelia ni babake. Hajui kitu. Na mimi na huu mdomo wangu! Mungu anisaidie.

Jumanne, 12 Agosti
Balaa. Naisula amemchora Nado tena, Kajiado mjini. Ukuta ulivyokaa, ikabidi amgeuze, upande wa kulia. Na sikio la kulia amelikata vibaya. Kila ukoo uko na alama yake, na hiyo aliyoweka ni ya ukoo mwingine. Wenyewe wameiona. Sasa wanasema Nado alikuwa ng'ombe wao, mzee aliiba. Mzee ambaye hata kuku wa mtu hajawahi kugusa! Naisula amekaa kwa kiti changu asubuhi yote. Hakutaka kucha wala nywele.

Ijumaa, 15 Agosti
Wazee wanakaa kesho kusikiza kesi ya mzee. Naisula anaenda kujitaja. Nimemwambia angoje, amekataa. Chifu ameapa kumfunga anayechafua kuta za watu. Naisula anasema afadhali hiyo kuliko babake aitwe mwizi. Namwogopea. Msichana mdogo hivi, roho kubwa hivi.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimefunga saluni. Jumamosi! Nimeenda naye Kajiado. Kikao kilikuwa mbele ya ukuta wenyewe. Naisula akavuta pumzi asimame. Babake akamtangulia.
Hakuongea sana. Amesema ng'ombe wale wengine wote wamechorwa upande wa kushoto. Amewauliza wazee, kwani sisi tunakamua tukiwa upande gani? Kushoto. Basi aliyechora ni mkamuaji. Sikio la kushoto aliliona kila asubuhi, la kulia amebahatisha. Halafu akashika sikio lake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole vile la Nado lilikatwa. Akarudia, polepole, kama anayefundisha mtu.
Wazee wakacheka, hata wa ule ukoo mwingine. Mmoja akauliza nani alikuwa anamkamua Nado.
"Wanawake wa boma langu ni wengi," akasema mzee.
Maneno yakaisha hapo. Hakumwangalia bintiye hata mara moja. Wueh! Nimerudi Kitengela nikicheka peke yangu.

Jumatatu, 8 Septemba
Wateja wanasema sikio la Kajiado limetengenezwa. Wanauliza ni nani. Nikasema sijui, nikaendelea kusuka.

Jumamosi, 6 Desemba
Mvua imenyesha. Wateja wachache. Naisula alikuwa kwa kiti, vidole ndani ya maji ya moto. Babake akaingia na maziwa kwa kibuyu. Akamsalimu, akanyoosha mkono. Naisula akatoa wake majini, kucha bado na rangi nyeupe, ya paji la ng'ombe. Akataka kuurudisha. Mzee akaushika, akauangalia kidogo, akauachilia. Akaketi.
"Hiyo dawa ya kutoa rangi," akaniuliza, "uko nayo ya kutosha?"
"Niko nayo, Mzee."
"Sawa."
Nikatoa vikombe. Tumekunywa maziwa sote watatu, tukaongea habari za majani huko Bisil.