Sabuni ya Bhoke

Dada Pendo, shikamoo, na hapo Mwanza wasalimie wote wanaoniulizia.

Niko Butiama na mashindano ya magari, na nina hasira mpaka samaki wangu sato amepoa sijamgusa. Mimi mbeba matairi wa timu sionwi na mtu, ila mwenyewe naona yote.

Asubuhi, tukitoka Bunda, jiwe lilitoboa tangi la mafuta. Fundi wetu, dada mmoja anaitwa Bhoke, akalala kwenye tope chini ya gari, akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua kwenye ufa mpaka petroli ikaacha kuvuja. Dereva alikuwa kivulini anakunywa soda. Yeye huwaga hapo.

Tukamaliza wa kwanza. Mtangazaji wa redio akamuuliza dereva siri ya ushindi. "Siri ni mikono yangu hii," akajibu, akaionyesha. Bhoke alisimama hatua mbili nyuma yake, akipangusa petroli viganjani. Hakutajwa. Dada, kidogo nimrushie tairi.

Halafu dereva akatujia, tope limemrukia mpaka kwenye nyusi. "Dada Bhoke, hebu nipe sabuni ninawe, wananisubiri kwenye picha ya kombe."

Bhoke hata hakugeuka. "Iko chini ya tangi, bosi. Lala kwenye tope uibandue, mikono si unayo?"

Picha wakiitoa gazetini utamtambua, ndiye mwenye tope usoni. Wabusu wanao, na uniombee nishushe hasira nile.

Mdogo wako, Magesa