Ulimi wa Kezia

Jumapili, 6 Julai 2025
Leo nimefundisha seli kwa watu wazima! Makere, uwanja wa kanisa, baada ya ibada. Mchungaji Niyubahwe aliniomba mwenyewe, japo mimi Mwislamu. Nilibeba hadubini ya shule. Bibi mmoja alichungulia ngozi ya kitunguu, akasema mbona ni masega ya nyuki matupu. Nikavimba kichwa, nikazidisha maneno. Nikasema seli zimebeba maagizo ya baba na mama — kwa mfano kukunja ulimi kama mrija. Wazazi wote wawili wakishindwa, mtoto hawezi. Ndimi zikatoka, vicheko! Fidele, fundi baiskeli, akashindwa. Mkewe Dorcas pia. Binti yao Kezia akaukunja safi kabisa.
Mtu akapaza sauti: Fidele, kaulize vizuri nyumbani!
Na mimi nikacheka.

Jumanne, 8 Julai
Mchungaji kapiga simu. Fidele kamrudisha Dorcas kwao Kagerankanda, pamoja na mtoto. Fidele anasema mtoto si wake; si maneno yake, ni sayansi.

Jumatano, 9 Julai
Nimesoma mtandaoni. Mfano ule si kweli! Wataalamu waliukataa zamani. Hata pacha wa kufanana, mmoja anakunja, mwenzake hawezi. Na mimi kila mwaka nawafundisha wanafunzi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemfuata Fidele kijiweni. Alikuwa anaziba pancha. Nikamweleza yote. Hakuinua uso.
"Mwalimu, siku ile ulisema mbele ya watu. Leo unaninong'oneza?"
Nilitamani ardhi inimeze. Nimemwomba mchungaji anipe nafasi Jumapili.

Jumapili, 13 Julai
Nimesimama mbele yao kanisani. Nikasema nilikosea, ulimi hauthibitishi baba wa mtoto. Nikamwomba Dorcas radhi kwa jina — sikujua kama yupo. Mzee mmoja akauliza: basi na zile seli ni uongo? Nikasema hapana, seli mliziona wenyewe, uongo ulikuwa wangu. Sijui kama wameelewa.
Dorcas akainuka benchi la nyuma, Kezia mkononi.
"Mana yanje, Mungu wangu! Mimi ndiye ninayejua baba wa mwanangu. Hakuna aliyeniuliza. Hata wewe, mwalimu."
Kweli. Nilisoma, nikaenda kwa Fidele, nikaenda kwa mchungaji. Kwake sikwenda.
Fidele akatoka nje. Nilipoondoka alikuwa bado amesimama langoni, ameshika baiskeli, anatazama mlango. Dorcas alikuwa ameketi palepale.