Nimemshinda Shemeji kwa Nyumba Isiyovuja

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mke wangu hajanikimbia. Mimi ni Orest wa hapa Saskatoon, Kanada, na chanzo cha yote ni Lorne, kaka yake mke wangu Darlene, ambaye kila tukienda kula pierogi kwa mama mkwe hunicheka mbele ya watu, "Shemeji, unapasha joto jimbo zima! Hata bata bukini wanakuja kuota moto kwako!", basi nikaziba kila ufa, nikamwita mpimaji, yule anayefunga feni kubwa mlangoni ivute hewa ili aone nyumba inavuja kiasi gani, ila kabla hajafika nikasokomeza blanketi kwenye bomba linaloingiza hewa kwa ajili ya tanuru ya gesi inayopasha nyumba joto, na nyumba yangu ikaishinda ya Lorne kwa mbali, nikabandika cheti cha mpimaji dirishani. Lorne kaapa kumrudisha mpimaji siku yoyote, ndiyo maana blanketi sijalitoa. Sasa madirisha yanaganda barafu kwa ndani, kengele ya hewa ya sumu ilikuwa inapiga kelele nikaitoa betri nikidhani imezeeka, Darlene kichwa kinamuuma, mtoto wetu Kalyna anaamka akitapika. Juzi Darlene kaniambia, "Namchukua mtoto, naenda kwa kaka." Nikamuuliza, "Kwenye lile chujio la nyumba?" Akajibu, "Chujio hilo hilo. Kalyna akilala kule haumwi." Nimzuieje asiniaibishe kwa Lorne?

Orest,

Sikungoja gazeti lichapwe. Niliwapigia wazimamoto nikawapa anwani iliyo kwenye bahasha, na mkubwa wao kaniambia ulivyowapokea: "Fungeni mlango jamani, joto linatoka!" Watu wamevaa mitungi ya hewa kuja kukuokoa, wewe unawaza joto! Darlene alitoka kwa miguu yake, Kalyna alibebwa. Wako salama kwa Lorne, na akili zako hazikuchangia.

Pole, kuchekwa na shemeji mezani kunauma. Lakini tanuru ya gesi isipopata hewa huirudishia nyumba sumu isiyo na harufu, na wewe ukainyamazisha hata kengele. Mtoto anatapika, baba anasifia cheti! Nyumba inapimwa ili walio ndani wakae vizuri, wewe umeigeuza mashindano ya kumkoga Lorne. Huyo Lorne naye ni domo tu, nitamwambia akiniandikia.

Toa hilo blanketi na ubandue hicho cheti leo. Fundi wa gesi aikague tanuru kabla hujaiwasha. Nunua kengele mpya, na betri zake usiziguse. Kisha mwite mpimaji umweleze ulichofanya, apime upya nyumba inayopumua, na namba atakayopata ndiyo yako, hata Lorne akicheka mpaka theluji iyeyuke.

Halafu nenda kwa Lorne ukamwombe mkeo radhi, bila kumtajia nani anavuja zaidi. Akikufungulia, ingia upesi, nje kunaua. Asipokufungulia, kaa garini na baridi yako, ukijua kwamba mle ndani mtoto wako amelala na anapumua.

Bi Mavis