Goti la Meeri

Jumapili, 6 Aprili

Kilomita ishirini na mbili na Meeri. Lami tupu. Njia ya msituni, ile iliyotandikwa vumbi la mbao, bado imeganda – wenye akili zao wanasubiri iyeyuke ndipo waanze mbio ndefu. Sisi? Ng'o! Marathoni yake ni tarehe 24 Mei, haimsubiri mtu.

Aliongea njia nzima. Habari za kazini, za yule jirani yake wa Oulu, mji alikokuwa akiishi, mwenye mbwa watatu. Tangu mama yake afariki Oktoba, binti yangu huongea nami tukiwa tunakimbia tu. Mezani tunasikiliza vijiko. Alirudi hapa nyumbani kwa ajili ya mazoezi, anasema. Mbio zikiisha atabaki na mzee kama mimi kwa sababu gani?

Kwenye mteremko wa kanisani akanyamaza. Goti la kulia, linachoma kwa ndani. Nikamwambia fupisha hatua, usitue kwa kisigino. Akafupisha. Akaendelea kuchechemea.

Jumatatu, 7 Aprili

Limevimba kama mkate wa chachu. Nikawasha sauna, kile chumba chetu cha mvuke. Marehemu baba alitibu kila kitu kwa sauna: mafua, mgongo, hata ugomvi. Meeri akakaa benchi la juu kabisa, kwenye mvuke mkali, akajichapa goti, kama ilivyo desturi, kwa matawi ya mti wa mbetula niliyoyatoa kwenye friza. Akatoka mwekundu. Mbona naona limezidi, Baba? Nikamjibu joto linatoa ugonjwa nje. Na nilivyosema, utadhani daktari!

Jumatano, 9 Aprili

Sauna jana. Sauna leo. Hawezi kuchuchumaa. Kesho anaenda kituo cha afya, kwa Irja, mtaalamu wa viungo. Afadhali. Irja tulikimbia naye klabu moja ujanani.

Ijumaa, 11 Aprili

Meeri akiwa zamu bohari simu inabaki kabatini, kwa hiyo alimwachia Irja namba yangu ya kupigia majibu ya picha. Kapiga saa sita. Kwanza utani – kumbe bado uko hai, mzee! Halafu sauti ikabadilika.

Maji yamejaa ndani ya goti. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, umeanza kulika. Wiki nane bila kukimbia hata hatua. Baiskeli polepole, mazoezi ya kukaza mapaja, barafu dakika kumi na tano mara tatu kwa siku. Joto marufuku mpaka uvimbe uishe. Akaniuliza ni nani aliyemtia sauna na goti bichi namna ile. Nikakohoa.

"Tarmo, wewe! Ziwa zima la barafu liko mlangoni pako, na wewe unampika mtoto?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema Meeri akikimbia hiyo Mei, kabla hajatimiza miaka thelathini atakuwa na magoti kama yangu. Mwambie leo. Nikasema ndiyo.

Saa kumi Meeri akarudi. Irja kasemaje? Nilikuwa namenya viazi. Nikasema – mkono huu huu unaoandika ulikuwa umeshika kisu – nikasema ni uchovu tu. Apumzike siku mbili, aweke barafu.

Barafu nilisema kweli. Basi nipewe medali! Mwongo mkubwa mimi.

Alinikumbatia. Hakuwa amenikumbatia tangu mazishi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikuwasha sauna. Jumamosi bila sauna! Meeri akauliza kama naumwa. Nikasema kuni zimelowa. Rundo kavu liko barazani, kaliona. Akaenda dukani.

Uvimbe umepungua kwa barafu. Umepungua kweli. Siku tatu nzima nimemchoma bure. Miaka thelathini nashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya magoti yangu mwenyewe, na sikujifunza kitu. Nilipokuwa naumia Aune, mama yake Meeri, alikuwa ananifichia viatu, na mimi namfokea. Nimemkumbuka mke wangu leo kuliko siku ya kaburini. Yeye angemwambia mtoto ukweli huku akimimina maziwa, na mtoto angebaki. Mimi sijui kumweka mtu karibu ila kwa kumkimbiza. Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia ili kilio kisisikike.

Jumapili, 13 Aprili

Kilomita thelathini leo. Ratiba niliiandika mwenyewe. Nimeamka nimekata shauri: namwambia kabla ya kahawa. Kahawa ikaisha. Nikachukua daftari.

Ameingia, amevaa viatu. Kajimiminia kikombe. Anasema jana dukani alikutana na Irja kwenye foleni. Irja kampa pole sana, kamsifu kwa kuvumilia, kisha akamuuliza hizo wiki nane ameanza kuzihesabu lini.

"Wiki nane zipi, Baba?"

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika, mara moja tu.

Anangoja. Amekaa mbele yangu, mguu kaunyoosha juu ya kiti cha mama yake. Hajapandisha sauti. Afadhali angenifokea. Ameuliza tena, polepole, kama mtu aliyekwisha kujua. Nikiacha kuandika itabidi niseme, na nikisema, sijui kama kesho atakuwa kwenye meza hii. Kahawa yake inapoa. Sina tena la kuandika, naandika tu. Anasema,

"Baba. Weka kalamu chini."